Valvu ya Mgawo wa Breki za Nyuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari wa Arusha na Moshi

Maswali haya tumeyapokea kwa miaka mingi kutoka kwa madereva wa magari ya watalii, wenye pikapu za mizigo na wakulima wanaoleta magari yao gerejini kwetu hapa Arusha. Karibu yote yanazungumzia magari ya Toyota, hasa Hilux, Hiace na Land Cruiser za safu ya 70, kwa sababu hayo ndiyo yanayojaa barabara zetu. Vipimo kamili vya gari lako vimo katika kitabu cha ufundi cha toleo hilohilo, na pale ambapo kitabu kinatofautiana na maelezo haya, fuata kitabu.

Valvu hii ni kitu gani, na iko wapi?

Ni kifaa kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye chesisi, juu kidogo ya ekseli ya nyuma, ambacho paipu ya breki inayotoka mbele hupitia kabla ya kugawanyika kwenda magurudumu ya nyuma. Utakitambua kwa mkono wake mrefu, ambao ncha yake moja hugusa valvu na nyingine huunganishwa na ekseli kwa fimbo fupi yenye nati. Katika vitabu vya Toyota huandikwa kwa herufi LSPV. Madereva wengi wamekiona kila walipoingia chini ya gari, lakini hawakuwahi kuuliza kazi yake, kwa kuwa hakipigi kelele na hakiwashi taa yoyote kwenye dashibodi kinapoharibika.

Kwa nini breki za nyuma zipunguziwe nguvu? Je, breki kali pande zote si ndiyo salama zaidi?

Gari linapofunga breki, uzito wake hukimbilia mbele. Chukua mfano wa gari la kilo 2,400 ambalo likiwa limesimama linalaza kilo 1,200 mbele na kilo 1,200 nyuma, lenye mita 3 kati ya ekseli zake na kitovu cha uzito kilicho sentimita 80 juu ya ardhi. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu kiasi cha asilimia 60 ya nguvu ya mvutano wa dunia, kilo zipatazo 384 huhama kutoka nyuma kwenda mbele, na ekseli ya nyuma hubaki na kilo 816 tu. Tairi za nyuma zikipewa presha ileile inayopewa tairi za mbele, zitajifunga mapema, na tairi iliyojifunga haishiki tena njia upande wowote. Mkia wa gari hapo hutaka kutangulia kichwa. Gari lililojifunga mbele huenda moja kwa moja bila kutii usukani, jambo ambalo ni baya. Lililojifunga nyuma huzunguka, jambo ambalo ni baya zaidi, hasa barabara ikiwa na utelezi.

Sasa pakia gari hilo watu saba, mizigo na mafuta ya akiba hadi lifike kilo 3,200, kilo 1,900 kati ya hizo zikiwa nyuma, na kitovu cha uzito kikipanda hadi sentimita 90. Kwa breki ileile, kilo 576 huhamia mbele, lakini nyuma bado hubaki kilo 1,324. Hapo breki za nyuma zina kazi kubwa ya kufanya, na kuzinyima presha ni kuzitwisha breki za mbele mzigo usio wao. Kwa hiyo hakuna mgawo mmoja unaofaa nyakati zote, na ndiyo maana valvu hii ikawekewa mkono.

Valvu inajuaje kwamba gari limebeba mzigo?

Haijui. Hili ndilo jambo tunalolirudia kila siku, na ambalo makosa mengi ya breki za nyuma huanzia hapo. Valvu haipimi uzito hata kidogo. Inapima umbali kati ya chesisi na ekseli. Gari likipakiwa, springi hulala, chesisi hushuka, mkono huisukuma valvu, na presha ya nyuma huongezeka. Gari likiwa tupu, chesisi hupanda, mkono hulegea, na baada ya kufika kiwango fulani presha ya nyuma huacha kupanda sambamba na ya mbele. Valvu huamini kwamba umbali na uzito ni kitu kimoja, na imani hiyo ni sahihi mradi springi ni zilezile zilizotoka kiwandani. Ukibadilisha springi umebadilisha breki, hata kama hukugusa paipu wala nati yoyote ya breki.

Nimeweka springi nzito na kuinua Land Cruiser yangu kwa ajili ya safari za mbugani. Je, nirekebishe valvu?

Ndiyo, na swali hili linastahili jibu refu kwa sababu magari mengi ya utalii yanayoondoka Arusha kila alfajiri yamefanyiwa kazi hiyo: chesisi imerefushwa, paa limewekewa mlango wa kufunguka, springi za nyuma zimeongezewa bapa, na gari limepanda sentimita tano au zaidi.

Tatizo la kwanza ni kimo. Gari lililopanda milimita 50 linaonekana mbele ya valvu kuwa jepesi kuliko tupu, hata likiwa limejaa watalii na masanduku yao. Dereva huhisi pedeli ni ngumu kama kawaida lakini gari halisimami upesi, pedi za mbele zinaisha mapema, ilhali laining za nyuma hukaa karibu mpya. Dawa yake si ngumu: kishikio cha fimbo kilichoko kwenye ekseli hupandishwa kwa kipimo kilekile ambacho gari limepanda, kwa kipande cha chuma imara kilichofungwa kwa bolti, ili pembe ya mkono irudi ilivyokuwa. Fimbo yenyewe ina nafasi ndogo ya kurefushwa, milimita chache tu, na haikukusudiwa kufidia milimita 50. Tumewahi kuletewa gari ambalo fimbo yake ilikuwa imefunguliwa hadi ikabaki imeshikiliwa na nyuzi mbili za mwisho. Lingepita mashimo mawili zaidi, ingechomoka.

Tatizo la pili husahauliwa hata na mafundi wazuri, nalo ni ugumu wa springi. Tuseme springi za kiwandani zililala milimita 80 kwa mzigo wa kilo 600, na zile nzito zinalala milimita 40 kwa mzigo huohuo. Hata ukirekebisha kishikio hadi kimo cha gari tupu kikawa sawasawa, gari likijaa valvu itaona nusu ya mzigo uliopo. Hakuna nati inayoweza kuondoa kasoro hiyo kabisa, kwa sababu nati husogeza mahali pa kuanzia tu. Kinachowezekana ni kuchagua mzigo ambao gari hubeba siku nyingi, kurekebisha valvu kwa mzigo huo, kisha kuhakikisha kwamba gari likiwa na dereva peke yake tairi za nyuma hazitangulii kujifunga. Kwa gari la watalii, ambalo hata likirudi tupu hubeba paa zito, friji, jeki na tairi mbili za akiba, uamuzi huo huwa mwepesi. Pikapu ambayo leo imebeba mifuko ya saruji na kesho haina kitu inahitaji tahadhari zaidi, na mara nyingine ushauri wetu huwa ni kurudisha springi za kiwandani.

Mifuko ya upepo inayosaidia springi huleta hali mbaya kuliko zote. Kazi yake ni kuhakikisha gari halishuki likipakiwa, maana yake valvu haitapata habari za mzigo asilani.

Dalili za valvu mbovu au iliyorekebishwa vibaya ni zipi?

Presha ya nyuma ikiwa ndogo mno, pua ya gari huinama sana wakati wa breki, diski za mbele hupata joto kupita kiasi, na pedi za mbele huisha mara nyingi wakati za nyuma hazijaguswa. Presha ikiwa kubwa mno, mkia hucheza dereva anapofunga breki kwenye changarawe au lami yenye maji, na tairi za nyuma huacha alama nyeusi kabla ya zile za mbele. Mafuta ya breki yakionekana yamelowanisha valvu, au kifuniko cha mpira kikiwa kimechanika na ndani kuna matope, hakuna haja ya dalili nyingine.

Valvu nyingi tunazozikuta hapa hazikuharibika ndani bali zimekwama nje. Vumbi laini la barabara za mbugani huchanganyika na grisi likawa kama udongo wa kufinyangia, na magari yanayokwenda mara kwa mara upande wa Ziwa Natron hurudi na magadi yanayoharakisha kutu. Ushike mkono kwa vidole gari likiwa limezimwa, uusogeze: usipocheza, umekwama.

Nini kikaguliwe kabla ya kuigusa valvu?

Kila kitu kingine. Valvu ni ya mwisho kurekebishwa, wala si ya kwanza, kwa sababu inaweza kugawa tu kile inachopewa. Laining za nyuma zikiwa mbali na dramu, pedeli itakuwa chini na breki za nyuma zitaonekana dhaifu ingawa valvu ni nzima. Silinda ya gurudumu ikivuja na kulowanisha laining, upande mmoja utashika na mwingine utateleza. Kalipa ya mbele ikikwama, gari litavuta upande. Mipira ya breki iliyozeeka huvimba ndani na kuzuia mafuta kupita. Pia kagua tairi, kwa kuwa tairi za nyuma zilizokwisha hujifunga mapema hata mgawo ukiwa sahihi. Bapa la springi likiwa limevunjika, chesisi itakaa chini, na valvu itadhani kuna mzigo.

Kabla ya kufungua nati yoyote, pima urefu wa fimbo kwa rula au kalipa ya kupimia, uuandike, na uweke alama ya rangi kwenye nati. Ukikosea utakuwa na mahali pa kurudia.

Marekebisho yenyewe hufanywaje?

Kazi sahihi huhitaji geji mbili za presha zenye uwezo wa kusoma angalau kilo 100 kwa sentimita moja ya mraba. Moja hufungwa kwenye breki ya mbele na nyingine kwenye breki ya nyuma, mahali pa skrubu za kutolea upepo, kisha upepo hutolewa kwenye geji zenyewe. Gari husimama kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyo sawa, na ekseli ya nyuma hubebeshwa uzito unaotajwa na kitabu. Kuning'iniza gari kwa jeki iliyowekwa kwenye chesisi hakufai, kwa kuwa ekseli ikining'inia valvu husoma gari tupu kupita utupu wenyewe.

Injini ikiwa inanguruma ili buta ya breki, yaani kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye pedeli, ifanye kazi, msaidizi hukanyaga pedeli taratibu hadi geji ya mbele ifike kiwango kilichowekwa. Kwa pikapu nyingi za Toyota vitabu hutumia kilo 80 kwa sentimita ya mraba, yaani karibu kilopaskali 7,850. Akanyage mara moja bila kuachia na kurudia, kwa sababu valvu ina tabia ya kubakiza presha ya nyuma, na pedeli ikirudi nusu usomaji wote huwa wa uongo. Subiri sekunde mbili, kisha soma geji ya nyuma na ulinganishe na kitabu.

Presha ya nyuma ikiwa pungufu, legeza nati ya kufungia na ubadilishe urefu wa fimbo. Katika pikapu nyingi za Toyota, kuirefusha huongeza presha na kuifupisha huipunguza, lakini usitegemee kumbukumbu: tazama ni upande upi unausogeza mkono kama unavyosogea watu wanapopanda nyuma ya gari, na upande huo ndio unaoongeza. Sogeza milimita moja, kaza, pima tena. Fimbo ikifika mwisho wa nafasi yake, valvu yenyewe huweza kuteremshwa au kupandishwa kwenye matundu marefu ya kishikio chake. Ikishindikana hata hapo, kasoro iko ndani ya valvu au gari halina kimo chake cha asili.

Kwenye nati za paipu tumia spana ya paipu za breki ya milimita 10, ile inayokumbatia nati karibu pande zote. Spana ya kawaida huila nati hiyo, na kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya siku mbili za kutafuta paipu.

Fundi wangu hana geji. Je, anaweza kurekebisha kwa kujaribu barabarani?

Anaweza kupata makadirio, si kipimo. Tafuta kiwanja cha changarawe kilicho tambarare, kisicho na watu, wala si barabara ya Moshi–Arusha ambako malori hayapumziki. Gari liende kilomita 30 kwa saa, dereva afunge breki kwa nguvu, na mtu mwingine asimame pembeni kwa mbali atazame tairi. Za mbele zinapaswa kutangulia kujifunga, na za nyuma zifuate baadaye kidogo au zisijifunge kabisa. Jaribu gari likiwa na dereva pekee, kisha likiwa na mzigo wake wa kawaida. Ikiwa za nyuma zimetangulia hata mara moja, punguza. Kwa gari linalobeba abiria kwa malipo hatukubali njia hii iwe ya mwisho. Linapaswa kupimwa kwa geji.

Tumetoa upepo mara nyingi, lakini breki za nyuma bado zina upepo. Kwa nini?

Mara nyingi valvu yenyewe imesahauliwa. Nyingi zina skrubu yao ya kutolea upepo. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani silinda kuu inayosukumwa na pedeli, endelea na mengine, umalizie kwenye valvu. Fanya kazi hiyo ekseli ikiwa imebeba gari, au msaidizi asukume mkono wa valvu kuelekea upande wa mzigo ili mafuta yapite kwa urahisi.

Tumia mafuta mapya kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, na kopo lililokaa wazi stoo tangu masika lililopita halifai hata kama bado limejaa.

Fundi ameufunga mkono kwa waya ili breki za nyuma zishike sana. Je, kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Mkono ukifungwa juu, valvu itaamini daima kwamba gari limejaa. Pikapu iliyotengenezwa hivyo hupendeza siku ya kwanza, kwa sababu ikiwa na mzigo husimama vizuri. Mwenye gari mmoja wa Moshi alituletea Hilux ya namna hiyo baada ya kushusha ndizi sokoni na kurudi tupu wakati wa mvua. Alifunga breki karibu na Boma Ng'ombe, na gari likageuka likatazama lilikotoka. Hakuna aliyeumia. Chini ya gari tulikuta waya wa kufungia nondo, umekazwa kwa ustadi kabisa.

Kuiondoa valvu na kuunganisha paipu moja kwa moja ni kosa lilelile kwa sura nyingine, na linapoteza jambo la ziada: katika magari mengi valvu hii pia ina njia ya dharura ambayo huruhusu presha kamili kwenda nyuma iwapo breki za mbele zimepoteza mafuta.

Gari langu ni IST, au Prado mpya yenye ABS. Je, linahusika?

Kwa kawaida hapana. Magari madogo kama IST hayana mkono wala fimbo ya kurekebisha, na magari ya kisasa yenye ABS, yaani mfumo unaozuia tairi zisijifunge, hugawa presha kwa kompyuta inayosoma mwendo wa kila gurudumu. Hapo ukiona kasoro, pima kwa mashine ya uchunguzi.

Breki zangu hulegea ninaposhuka kreta ya Ngorongoro. Je, ni valvu?

Huenda inachangia, lakini mara nyingi ni joto. Kutoka ukingoni hadi chini ni kama mita 600 za kushuka, na dereva anayeteremka njia ya Seneto kwa gia ya juu huku mguu umelala kwenye pedeli huzichemsha breki zake bila kujua. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka yakifika nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke hujaa ndani ya paipu na pedeli huzama. DOT 4 huanzia 230, na ikilowa hushuka hadi 155. Badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili, shuka kwa gia ya chini, na kama ni gari la magurudumu manne yanayovuta, tumia gia ndogo (low range). Valvu iliyorekebishwa ikapeleka presha ndogo mno nyuma huongeza tatizo kwa kuzifanya breki za mbele zibebe karibu kazi yote, kwa hiyo ipimwe baada ya mafuta kubadilishwa.

Valvu inavuja. Je, inaweza kufunguliwa na kuwekewa mipira mipya?

Hatuifungui. Springi na pistoni za ndani zimepangwa kiwandani, na uvujaji mara nyingi hutokana na kutu iliyokwishakula ukuta wa silinda, ambayo mpira mpya hautaiziba kwa muda mrefu. Badilisha yote. Valvu iliyotumika kutoka kwenye gari lililokatwa inakubalika iwapo ni ya toleo lilelile, haina kutu, na itapimwa kwa geji baada ya kufungwa. Zinafanana kwa nje lakini viwango vyake vya ndani hutofautiana.

Vipi valvu za kitasa zinazotumika katika magari ya mashindano?

Hizo dereva huzigeuza kwa mkono kulingana na njia, na hazisomi mzigo. Zibaki kwenye mashindano.

Fimbo imekatika nikiwa porini. Nirudi vipi?

Kwanza hakikisha hakuna mafuta yanayovuja na kwamba paipu haijakwaruzwa. Ondoa kipande kinachoning'inia kisije kikajisokota kwenye kadani, yaani shafti ndefu inayozungusha ekseli ya nyuma, na uuache mkono ulegee wenyewe upande wa gari tupu, usiufunge juu. Breki za nyuma zitakuwa dhaifu, kwa hiyo punguza abiria na mizigo ikiwezekana, acha nafasi kubwa mbele yako, na ukiteremka ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu tumia gia ya chini kuanzia juu kabisa, kabla mteremko haujaanza kulisukuma gari. Kila unaposimama, sogeza kiganja karibu na rimu za mbele bila kuzigusa. Zikiwa zinatoa joto kali, subiri zipoe kwa hewa, na usizimwagie maji.